Kikombe cha Aunsi 16: Pombe ya Barabarani na Mipaka Yake katika Miji ya Marekani

Katika sehemu kubwa ya Marekani, mtu mzima aliyenunua bia kihalali anaweza kuinywa nyumbani kwake, baani au mgahawani, lakini akitoka nayo nje ikiwa imefunguliwa na kusimama nayo kando ya barabara, hata kama hajaionja, anakuwa ametenda kosa. Kosa lenyewe ni la kushika chombo kilichofunguliwa, yaani chupa iliyong'olewa kizibo, kopo lililotobolewa au kikombe chenye kileo ndani yake, mahali ambapo umma una haki ya kupita. Sheria ya namna hii haiulizi kama mshika chombo amelewa, anapiga kelele au anamsumbua mtu. Inaulizia chombo tu. Lakini ndani ya marufuku hiyo pana, miji mingi imechora vipande vidogo vya ardhi, aghalabu mitaa michache ya katikati ya jiji yenye baa, kumbi za muziki na migahawa, ambamo kosa hilo si kosa tena, na idadi ya vipande hivyo imeongezeka haraka tangu mwaka 2020.

Ili kuelewa jinsi jambo linavyoweza kuwa halali upande mmoja wa barabara na haramu upande wa pili, ni lazima kukumbuka kwamba Marekani haina sheria moja ya pombe. Marekebisho ya 18 ya Katiba, yaliyoanza kutekelezwa Januari 1920, yalipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo nchi nzima, na Marekebisho ya 21, yaliyoidhinishwa tarehe 5 Desemba 1933, yakaiondoa marufuku hiyo, ila yakayaachia majimbo mamlaka makubwa ya kuamua pombe iingie vipi, iuzwe na nani na inywewe wapi. Majimbo nayo yakagawa sehemu ya mamlaka hayo kwa kaunti na miji, na ndiyo maana kaunti ya Moore huko Tennessee, ambako wiski ya Jack Daniel's hutengenezwa, kwa miaka mingi imehesabiwa miongoni mwa kaunti zinazozuia uuzaji wa kawaida wa pombe. Mkanganyiko wa mitaa ya burudani ni mtoto wa mfumo huohuo.

Marufuku ya kunywa barabarani si kongwe kama wengi wanavyodhani. Kwa muda mrefu miji ya Marekani haikuhitaji sheria ya chombo kilichofunguliwa kwa sababu ilikuwa na silaha pana zaidi, nayo ni sheria za uzururaji, zilizorithiwa kutoka Uingereza ya kale, ambazo zilimruhusu askari kumkamata mtu kwa kuwa tu mlevi wa kawaida, mvivu, ombaomba au mtu anayetangatanga bila shughuli inayoeleweka. Msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu ukoo huu vizuri, kwa kuwa wakoloni Waingereza waliuleta huku pia: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 176 na 177, bado inawataja watu wasio na kazi na wazururaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri mwezi Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Marekani ilikuwa imefikia hitimisho linalokaribiana na hilo miaka 48 kabla, katika kesi ya Papachristou dhidi ya Jiji la Jacksonville ya mwaka 1972, pale Mahakama ya Juu ilipoibatilisha sheria ndogo ya jiji hilo la Florida kwa kuwa haikueleza wazi mtu anakatazwa kufanya nini, na hivyo kumwachia askari uhuru wa kumkamata yeyote asiyempendeza. Miongoni mwa waliokamatwa katika kesi hiyo walikuwamo wanawake wawili Wazungu na wanaume wawili Weusi waliokuwa wakisafiri pamoja katika gari moja, jambo ambalo polisi walikanusha kwamba lilikuwa na uzito wowote katika kukamatwa kwao.

Miji iliyopoteza silaha hiyo ilitafuta nyingine. Chicago ilikuwa na sheria yake ya kuzuia kunywa katika njia za umma tangu mwaka 1953, na baada ya 1972 sheria za aina hiyo zilienea, kwa kuwa hazikuwa na kasoro ile iliyoiangusha Jacksonville: hazikumlenga mtu wa aina fulani bali tendo linaloonekana kwa macho. Chupa ama imefunguliwa ama haijafunguliwa. New York ilipitisha ya kwake mwaka 1979, enzi za meya Ed Koch, na mipaka yake ilikuwa mikali kiasi kwamba kinywaji chochote chenye kilevi kinachozidi nusu asilimia kiliguswa. Wanywaji wakajibu kwa mfuko wa karatasi wa kahawia, unaovishwa chupa au kopo hadi shingoni, danganya toto ambayo kila askari aliijua lakini iliyompa nafasi ya kujifanya hamnazo akitaka.

Neno zito hapo ni akitaka. Sheria iliyoandikwa bila kumtaja mtu iliendelea kutekelezwa kwa kumchagua mtu. Mwaka 2012 hakimu mmoja wa Brooklyn, akiandika uamuzi katika kesi ya namna hii, alieleza kwamba wasaidizi wake walipitia hati za wito za mwezi mmoja katika wilaya hiyo na kukuta kwamba asilimia 85 ya walioandikiwa walikuwa Weusi na Walatino na asilimia 4 tu walikuwa Wazungu, ilhali Wazungu ni zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Brooklyn. Hakuna aliyeamini kwamba Wazungu wa Brooklyn hawanywi mvinyo bustanini. Mwaka 2016 jiji lilibadili utaratibu ili makosa hayo kwa kawaida yaishie kwenye faini ya kiraia badala ya kumfikisha mtu mahakama ya jinai, lakini tendo lenyewe halikuhalalishwa.

Suala la gari ni tofauti, ingawa mara nyingi huchanganywa na hili. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliweka utaratibu unaoyabana majimbo yasiyokataza vyombo vilivyofunguliwa ndani ya magari, ambapo sehemu ya fedha zao za barabara huhamishiwa kwenye shughuli za usalama, na majimbo mengi yakatii. Utaratibu huo hauhusu watembea kwa miguu hata kidogo. Louisiana, ambako maduka huuza vileo vya barafu kupitia dirishani kwa mtu aliye ndani ya gari lake, iliitafsiri amri hiyo kwa namna yake: kikombe cha kinywaji hicho hakihesabiwi kuwa kimefunguliwa maadamu kifuniko kipo, mrija haujachomekwa na hakuna kilichonywewa. Ni mfano unaochekesha, lakini unaonyesha jinsi sheria nzima inavyoning'inia kwenye umbo la chombo.

Maeneo ya zamani yanayoruhusu kunywa barabarani yalikua yenyewe, kutokana na mazoea ya mji kabla ya mtu yeyote kuyaita mpango. Katika Vieux Carré, mtaa mkongwe wa New Orleans ambamo Bourbon Street inapita, mteja anayetaka kuondoka kabla ya kumaliza kinywaji chake humwomba mhudumu wa baa amhamishie kwenye kikombe cha plastiki, na mhudumu hufanya hivyo bila kuuliza, kwani kilichokatazwa barabarani ni kioo. Kwenye barabara kuu ya kasino za Las Vegas, ijulikanayo kama Strip, kioo pia hakitakiwi. Beale Street huko Memphis, mtaa ulioukuza muziki wa blues, una ruhusa yake. Savannah, katika jimbo la Georgia, imekwenda mbali zaidi katika kupima: kikombe kisizidi aunsi 16, ambazo ni mililita 473, pungufu kidogo ya chupa ya bia ya nusu lita iliyozoeleka Nairobi au Dar es Salaam, na mnywaji asivuke mpaka wa eneo, ambao kaskazini ni River Street, kandokando ya mto, na kusini ni Jones Street, mtaa wa nyumba za makazi wenye miti mikubwa ambao wakazi wake wasingependa kuamshwa usiku wa manane. Hakuna ukuta wala kamba. Mgeni asiyesoma ramani huvuka Jones Street akiwa na kikombe kilekile alichokuwa nacho kihalali hatua chache nyuma.

Aina ya pili ya maeneo ni ya kutungwa, na hii ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Ohio ilipitisha sheria yake mwaka 2015 na kuyaita maeneo hayo kwa kifupi cha herufi DORA, yaani maeneo yaliyotengwa ya viburudisho vya nje. Mji unaotaka kuwa nalo haukurupuki tu kutangaza. Sheria ya awali ilitaka eneo liwe na angalau biashara nne zenye leseni ya pombe, na azimio la baraza la mji lieleze mipaka hadi anwani za mitaa, saa za kunywa, idadi na nafasi ya mabango, idadi ya watu watakaolinda usalama, mpango wa usafi na idadi ya watakaoutekeleza. Kwa maneno mengine, kabla ya mtu mmoja kunywa bia moja hatua kumi nje ya mlango wa baa, mji unapaswa kuwa umeshajibu swali la nani ataokota vikombe asubuhi. Majimbo mengine yalifuata, kila moja kwa jina lake: Michigan ilipitisha sheria ya maeneo ya kijamii Julai 2020, wakati migahawa ilipokuwa ikihangaika kuhudumia wateja nje kwa sababu ya UVIKO-19, na North Carolina ikafuata Septemba 2021.

Sheria ya North Carolina ni mfano mzuri kwa sababu karibu uzito wake wote umewekwa juu ya kikombe. Kikombe kisiwe cha kioo. Kisibebe zaidi ya aunsi 16. Kionyeshe biashara iliyouza kinywaji, kiwe na alama ya pekee ya eneo husika, na kiandikwe, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa pointi 12, onyo la kunywa kwa kiasi na ukumbusho kwamba mnywaji awe ametimiza miaka 21, umri ambao majimbo yote yaliufuata baada ya sheria ya taifa ya mwaka 1984. Mabango ya eneo nayo yataje siku na saa zinazoruhusiwa, pamoja na namba za simu za vyombo vya dola vya kupigiwa mambo yakiharibika. Mwenye kikombe haruhusiwi kuingia nacho kwenye baa nyingine inayouza pombe yake yenyewe. Anaweza kuingia nacho katika duka la vitabu au la nguo ikiwa mwenye duka amekubali, na maduka mengi yaliyokubali hubandika stika kwenye kioo cha mlango. Kabla ya kuvuka mpaka wa eneo, anatakiwa amalize au amwage.

Kila moja ya masharti hayo lina sababu yake. Kioo kimekatazwa kwa kuwa chupa iliyovunjika barabarani hukata miguu na magurudumu, na chupa nzima mkononi mwa mtu mwenye hasira ni silaha. Jina la muuzaji limewekwa kwa sababu katika majimbo mengi muuzaji anayeendelea kumhudumia mtu aliyelewa waziwazi anaweza kushtakiwa kwa madhara yatakayosababishwa na mtu huyo, na pale wateja wanapochanganyika barabarani, kikombe huwa ushahidi wa nani aliyemwaga kinywaji cha mwisho. Alama ya eneo, kwa upande wake, inamwezesha askari kutofautisha, kwa kutupa jicho tu, bia iliyonunuliwa baani na bia iliyotoka dukani au nyumbani. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya aina mbili za maeneo. Katika Savannah au New Orleans ruhusa ni ya mnywaji, naye anaweza kuwa amekijaza kikombe chake kutoka popote. Katika maeneo mapya ruhusa ni ya muuzaji, na mnywaji anaikodi kwa bei ya kinywaji kimoja.

Sababu za miji kuyataka maeneo haya ni za kiuchumi, na wanasiasa wake hawazifichi. Katikati ya miji mingi ya Marekani paliishi kwa wafanyakazi wa maofisini waliokula chakula cha mchana na kunywa glasi moja jioni kabla ya kurudi vitongojini, na kazi ya kutoka nyumbani iliyoanza mwaka 2020 iliwaondoa. San Francisco iliathirika kupita kiasi. Seneta wa jimbo Scott Wiener alifanikisha sheria ya mwaka 2023 iliyolipa jiji hilo uwezo wa kuunda maeneo ya burudani, na la kwanza lilifunguliwa Septemba 2024 katika kipande kimoja cha Front Street, mtaa wa ofisi wenye baa za miaka mingi, kwa sherehe ya bia ya mtindo wa Kijerumani. Hoja moja ya Wiener ilikuwa na mashiko ya pekee: chini ya utaratibu wa zamani, tamasha la mtaani lilipofanyika, wachuuzi wa nje wenye kibali cha muda waliuza bia mbele ya milango ya baa za mtaa huohuo, nazo baa hazikuruhusiwa kumpa mteja kikombe atoke nacho, hivyo sherehe iliyofungiwa barabara kwa ajili ya kuuchangamsha mtaa ilizinyima mapato biashara zinazolipa pango hapo mwaka mzima. Kuanzia Januari 2025 miji mingine ya California imeruhusiwa kufanya hivyohivyo.

Wapinzani nao wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kinakadiria kwamba unywaji wa kupindukia ulisababisha vifo takriban 178,000 kwa mwaka katika 2020 na 2021, na wataalamu wa afya ya jamii wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba kadiri pombe inavyopatikana kwa urahisi ndivyo madhara yake yanavyoongezeka. Mwaka 2022 watu 13,524 walikufa katika ajali zilizohusisha madereva waliolewa. Eneo la kunywa kwa miguu halimfanyi mtu kuwa dereva mlevi, lakini mji usio na basi wala treni ya usiku, kama ilivyo miji mingi ya Ohio na North Carolina, unamwalika mtu aliyekuja kwa gari na atakayerudi kwa gari, na kwa suala hilo hata mpango mzuri wa usafi na mabango hauna jibu. Kuna pia usalama wa umati wenyewe. Alfajiri ya Januari 1, 2025, mtu mmoja aliendesha gari kwa makusudi na kuingia katika umati wa Bourbon Street, akaua watu 14, wakati vizuizi vya barabara vya eneo hilo vikiwa katika ukarabati. Kitendo hicho hakikusababishwa na pombe; hata hivyo kilionyesha kwamba mji unaowakusanya watu barabarani hadi usiku wa manane umejitwika wajibu wa kuwalinda kwa nguzo za chuma, na si kwa kuuza vikombe pekee.

Hoja iliyo nzito kuliko zote, hata hivyo, haitajwi sana katika vikao vya mabaraza. Marufuku ya chombo kilichofunguliwa iliwaangukia zaidi watu wasio na ua wa nyumba wala baraza la kunywea: wapangaji wa vyumba vidogo, vijana wa mitaa ya Weusi na Walatino, watu wasio na makazi. Maeneo mapya hayakuigusa marufuku hiyo. Yameacha kila kitu kama kilivyo, kisha yakafungua mlango kwa anayemudu bei ya baa. Mzee aliyeketi kwenye benchi la Fayetteville Street mjini Raleigh na kopo alilonunua dukani kwa bei nafuu anavunja sheria, na kijana aliyeketi pembeni yake na bia ileile ndani ya kikombe chenye alama havunji. Hii haimaanishi kwamba maeneo hayo ni mabaya. Inamaanisha kwamba kuyaita ulegezaji wa sheria ni kuyasifia kupita kipimo, kwa kuwa sheria imelegezwa kwa wateja tu.

Zipo njia nyingine za kupanga jambo hili. Kenya, kwa Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibatiza jina la mbunge John Mututho aliyeipigania, ilichagua kubana saa: baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwishoni mwa wiki, na zote zifungwe saa tano usiku. Katika Marekani yenyewe, mji unaokaribia fikra hiyo ni Butte, katika jimbo la Montana, uliojengwa na wachimbaji wa shaba waliotoka zamu saa zote za usiku na mchana na ambao kwa miaka mingi haukuwa na kizuizi chochote kwa mtu kutembea na bia yake. Mwaka 2013 Butte ilikubali hatimaye kuweka marufuku, ila ya kuanzia saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi tu. Katika saa zilizobaki haikudai kikombe chenye alama wala jina la muuzaji, na mtu aliyetoka dukani na kopo lake ana haki sawa na aliyetoka baani.